Maswali kwa Fundi: Gitaa la umeme la kuchongwa kwa mkono

Katika toleo lililopita tulieleza kwa ufupi gitaa la umeme lenye kifua kilichochongwa, yaani lile ambalo ubao wake wa mbele si bapa, bali umeinuka katikati na kuteremka taratibu kuelekea ukingoni kama mgongo wa kobe. Barua zilizofika tangu hapo zinaonyesha kwamba wasomaji wengi wanaogopa kuchonga na hawaogopi hesabu. Mimi ningependa waogope kinyume chake. Nimechagua barua sita, nimezifupisha, na majina ya waandishi nimeyaacha kando.

Shikamoo fundi. Mimi ni seremala wa vitanda na makabati. Nina mbao za mninga zilizobaki katika kazi ya milango, na kijana wangu anapiga gitaa kanisani, nami nataka kumtengenezea moja lenye kifua cha kuchonga. Sina mashine ya ruta. Nina drili, randa, patasi na misumeno. Je, mninga unafaa? Na kifua kile huchongwaje bila mashine?
*Seremala, Morogoro*

Marahaba, fundi mwenzangu. Mninga unafaa, lakini usiutumie kwa gitaa zima kabla hujapiga hesabu ya uzito. Chukua kiwiliwili chenye eneo la sentimita za mraba 1,000 na unene wa sentimita 5: ujazo wake ni lita 5, na kama kingekuwa cha maji kingekuwa na kilo 5. Mninga mkavu, ambao mita moja ya ujazo huwa na kilo 640 hivi, utakupa kilo 3 na ushee kabla hujaongeza shingo na vyuma. Mkangazi utashuka chini ya kilo 3. Mpingo, ambao huzama majini, utavuka kilo 6, na kijana wako hatamaliza ibada akiwa amesimama nao begani.

Ninavyofanya mimi ni kuutumia mkangazi kwa kiwiliwili na shingo, kisha kubandika mbele yake kifua cha mninga, na mpingo kuuweka kwenye ubao wa vidole peke yake, mahali ambapo ugumu wake unahitajika na uzito wake hauonekani. Mpangilio huu si ubunifu wangu. Mwaka 1952 kampuni ya Gibson, ambayo kiwanda chake kilikuwa Kalamazoo katika jimbo la Michigan, ilitoa gitaa la Les Paul lenye mahogani nyuma na ubao mgumu wa mepo mbele, na mkangazi wetu ni wa ukoo mmoja na mahogani ile ya Marekani ya kitropiki.

Mbao zilizobaki katika milango huenda zimekauka, na huenda hazijakauka. Zipime kwenye mizani ya duka kila wiki na uandike uzito kwa penseli juu ya ubao wenyewe. Siku utakapoona wiki tatu mfululizo uzito haujabadilika, ndipo uanze kukata. Kabati likijikunja milimita moja hakuna anayejua, lakini shingo ya gitaa ikijikunja milimita moja haipigiki.

Sasa tuje kwenye kuchonga. Pasua ubao wa mninga kwa unene na uufungue kama kitabu, ili nusu mbili zitazamane na mistari yake ikutane katikati. Randa kingo mbili zitakazounganishwa, zisimamishe moja juu ya nyingine mbele ya dirisha, na kama mwanga unapenya hata kwa uzi mmoja, rudi kwenye randa; gundi haijazi pengo katika kazi hii. Ukishagandisha, mstari huo wa katikati ndio utakaoongoza kila kipimo kinachofuata, kuanzia shingo hadi daraja linalobeba nyuzi kifuani, kwa hiyo usiupoteze.

Kifua kiwe na milimita 16 katikati na kibaki na milimita 6 ukingoni. Hapo pana mteremko wa milimita 10, ambao utaugawa katika ngazi tano za milimita 2 kila moja. Chora ngazi hizo juu ya ubao kama mistari ya kontua katika ramani za jiografia, ukiacha eneo la katikati, litakalobeba daraja, bila kuguswa. Zungushia utepe kwenye kekee ya drili ili itoboe kina cha ngazi ya kwanza kasoro milimita 1, toboa matundu mengi ndani ya eneo hilo, kisha upandishe utepe kwa ngazi ya pili, na hivyo hivyo hadi ukingoni. Matundu hayo ndiyo macho yako. Unachonga kwa patasi hadi sakafu ya tundu itoweke, nawe unaacha papo hapo, hata kama mkono umenogewa. Ukimaliza utakuwa na kitu kinachofanana na mashamba ya matuta ya Usambara, na hapo ndipo randa ndogo inapoingia kuyalainisha matuta hayo yawe mteremko mmoja.

Kuna jambo moja ambalo makabati hayakufundishi. Kwa kuwa nusu mbili zimefunguliwa kama kitabu, nyuzi za mbao upande wa kulia zinapanda kuelekea kichwani na za upande wa kushoto zinapanda kuelekea mkiani, kwa hiyo patasi inayoteleza vizuri upande mmoja itang'oa vipande upande wa pili. Geuza mwelekeo kila unapovuka mstari wa katikati. Mninga, ambao nyuzi zake mara nyingi zimesokotana, utang'oka hata hivyo. Milimita ya mwisho usiifanye kwa patasi wala kwa randa, bali kwa kikwangua, ambacho ni kipande cha bati la msumeno wa zamani kilichonyooshwa makali yake kwa tupa na kupindwa kidogo kwa vidole gumba. Wasomaji wengine wameniuliza kuhusu tezo, kwa kuwa wameona mafundi wa majahazi wakifanya maajabu nayo. Mafundi hao wameishika tangu utotoni. Mimi nawe hatujaishika.

Usiku zima taa ya chumbani, laza tochi juu ya ubao ili mwanga uende sambamba na kifua, na utaona vibonde ambavyo mchana hukuviona na ambavyo kiganja hakikuvihisi. Viwekee alama ya chaki na uvikwangue. Rudia hadi kivuli cha tochi kiteremke bila kukatika. Ziba pua na mdomo kwa barakoa nzuri wakati wote huu, kwa sababu vumbi la mninga hukera mapafu, na la mpingo na mvule halina nafuu.

Onyo la mwisho nililipata kwa gharama. Vidhibiti vya sauti hukaa katika chumba kinachochimbwa kutoka nyuma, nacho huacha ukuta wa milimita 5 au 6 tu chini ya kifua. Katika gitaa langu la kwanza nilichimba chumba hicho kwa kina kimoja chote, nikasahau kwamba upande wa mbele ulikuwa unateremka, na siku nilipokuwa nachonga ngazi ya nne patasi ilitokeza ndani, ikaacha dirisha la ukubwa wa ukucha. Nililiziba kwa kipande cha mninga kilichofuata mistari ileile, na kitufe cha sauti kimekaa juu ya kiraka hicho hadi leo. Chimba sakafu ya chumba hicho ikiwa imeinama kufuata mteremko wa mbele, wala usichimbe kwa pima maji.

Asalaam aleikum fundi. Gitaa langu la kifua cha kuchonga limekwisha na linapendeza, lakini nyuzi ziko milimita 5 juu ya freti ya 12 (freti ni vile vyuma vyembamba vinavyokatiza ubao wa vidole), ilhali daraja nimelishusha hadi mwisho. Shingo nimeifunga kwa skrubu nne, sambamba na kiwiliwili, kama nilivyoona kwenye gitaa la bapa la rafiki yangu. Nimekosea wapi?
*Msomaji, Mombasa*

Waaleikumu salaam. Umekosea pale pale kwenye neno "sambamba". Gitaa la bapa lina daraja fupi linalokaa juu ya uso ulio chini, kwa hiyo shingo yake inaweza kwenda sambamba na kiwiliwili na nyuzi zikafika salama. Kifua kilichochongwa kinainua daraja, na daraja la aina unayotumia, lenye miguu miwili na magurudumu ya kulipandisha, lenyewe ni refu. Shingo inapaswa kulala nyuma kwa digrii chache ili mstari wa nyuzi upande kulifuata.

Tupige hesabu ya gitaa lako. Freti ya 12 iko katikati ya urefu wa uzi, kwa hiyo kila milimita unayotaka kuishusha pale inadai milimita 2 darajani. Urefu unaopigika vizuri ni milimita 1.8 hivi, umezidisha 3.2, na daraja lilipaswa kuwa chini zaidi kwa milimita 6.4. Umeandika kwamba urefu wa uzi ni milimita 628 na shingo inaingia kiwiliwilini kwenye freti ya 16. Kutoka hapo hadi darajani ni milimita 249, na katika umbali huo kila digrii moja ya kulaza shingo inaleta tofauti ya milimita 4.35. Unahitaji basi digrii 1 na nusu.

Kwa bahati umetumia skrubu na si gundi, kwa hiyo tiba ni nyepesi. Fungua shingo, tengeneza kabari ya mti mgumu yenye upana na urefu wote wa mfuko wa shingo, isiyo na unene kabisa upande wa ukingo wa kiwiliwili na yenye milimita 2 upande ulio karibu na daraja, ikiwa mfuko wako una urefu wa milimita 75. Iweke chini ya shingo na ufunge tena. Kichwa kitalala nyuma na nyuzi zitashuka. Usitumie kipande kifupi cha kadi kilichokunjwa, ambacho mafundi wengi wa haraka hukisokomeza mwisho wa mfuko, kwa maana shingo itabaki imening'inia juu ya pengo na baada ya miezi michache itapinda hapo hapo.

Usione aibu. Gitaa lile la Les Paul la mwaka 1952 lilitoka kiwandani na kasoro ya ukoo huu: shingo yake ililala kidogo mno, na ili nyuzi zisiwe juu ikabidi zipite chini ya fito ya daraja badala ya juu yake, jambo lililomnyima mpigaji nafasi ya kupumzisha kiganja na kuzima nyuzi. Mwaka 1953 walibadilisha daraja na kuilaza shingo zaidi. Hao walikuwa na kiwanda kizima.

Kwa wale ambao hawajaanza kukata, chukueni kipande cha silingibodi chenye urefu wa mita moja na mchore gitaa kwa ubavu, kwa vipimo kamili: unene wa kiwiliwili, mwinuko wa kifua, unene wa ubao wa vidole, urefu wa freti, na daraja lenyewe mkilipima kwa rula baada ya kulinunua na si kabla. Vuteni uzi wa kushonea kutoka kichwani hadi darajani juu ya mchoro huo. Pembe ya shingo mtaiona kwa macho, na mtaipima kwa kipimapembe cha mtoto wa shule.

Freti hupangwaje? Nimepima za gitaa la dukani nikazinakili, lakini zangu hazilingani sauti.
*Mwanafunzi wa chuo cha ufundi, Kisumu*

Gawa urefu wa uzi kwa 17.817, jibu ni umbali wa freti ya kwanza. Toa umbali huo kutoka urefu wote, gawa kinachobaki kwa namba ileile, na uendelee hivyo. Kwa uzi wa milimita 628 freti ya kwanza itakuwa kwenye 35.25, ya pili kwenye 68.52, na ya 12 lazima iangukie 314 kamili, ambayo ni nusu. Isipoangukia hapo, hesabu yako ina kasoro. Alama zote zipimwe kutoka mwanzo wa uzi bila kuinua rula. Ukipima kila freti kutoka kwa ile iliyoitangulia, nusu milimita ya kosa katika freti ya kwanza itasafiri nawe hadi ya mwisho, na nashuku ndivyo ulivyofanya. Daraja nalo lisikae kwenye 628 barabara: uzi mwembamba huhitaji nyongeza ya milimita 2 hivi na mnene huhitaji 5, kwa sababu kuubonyeza uzi ni kuuvuta, na kuuvuta ni kuupandisha sauti.

Fundi, ni kweli kwamba gitaa la mpigaji wa kundi la Queen, kundi la Freddie Mercury aliyezaliwa hapa kwetu mwaka 1946, lilitengenezwa nyumbani? Baba yangu anachonga milango na hataki kuamini.
*Kijana wa Mji Mkongwe, Unguja*

Mwambie baba yako ni kweli, na mwambie pia kwamba mhusika alisaidiwa na baba yake. Brian May alianza kazi hiyo mwaka 1963 akiwa bado mwanafunzi, pamoja na baba yake, Harold, aliyekuwa mhandisi wa elektroniki, na iliwachukua miaka miwili hivi. Shingo waliichonga kutoka katika mbao ya mahogani ya meko ya nyumba ya zamani. Ilikuwa na matundu ya wadudu, nao wakayaziba kwa njiti za kibiriti. Alama za ubao wa vidole zilitokana na vifungo vya lulumizi vya mama yake, na springi za daraja ni za vali za pikipiki. Kiwiliwili ni cha mbao za kawaida zilizoungwa na kufunikwa kwa gamba jembamba la mahogani. Mwaka 2002 alilipiga gitaa hilo juu ya paa la kasri la Buckingham.

Kifua chake hakikuchongwa mviringo, kwa hiyo usilitumie kama mchoro wa kazi yetu. Litumie kumshawishi mzee. Na pikapu, nasema zile sumaku zilizozungushiwa waya chini ya nyuzi, si magari ya mkaa, alijaribu kuzitengeneza mwenyewe na mwishowe akanunua. Nakushauri uanzie alipoishia yeye. Mchonga milango wa Unguja ana mkono ambao sisi wengine tungehitaji miaka kuupata, lakini waya mwembamba kuliko unywele, unaozungushwa maelfu ya mara bila kukatika, ni kazi ya watu wengine.

Nataka ndugu yangu aniletee ubao wa mpingo na wa mninga kutoka Tanzania kwa ndege. Kuna tatizo?
*Msomaji, Muscat*

Lipo. Mpingo umo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, tangu mwaka 2017, pamoja na karibu jamaa zake wote; vilivyomo humo haviuzwi nje ya nchi bila kibali. Ala za muziki zilizokamilika zilisamehewa mwaka 2019, lakini ubao ghafi haukusamehewa. Mninga na mkangazi wa Afrika nao waliingizwa kwa uamuzi wa mwaka 2022. Ndugu yako aanzie ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu kabla hajanunua, na akueleze kinachohitajika, kwa sababu ubao usio na kibali utaishia mikononi mwa forodha hata kama ni wa upana wa vidole vitatu. Njia iliyo rahisi zaidi ni gitaa kutengenezwa huko huko nyumbani na kusafiri likiwa limekamilika.

Gitaa nililolitengeneza linanguruma muda wote. Nikishika nyuzi mngurumo unapungua. Juzi nilipokuwa naimba huku nimeshika nyuzi, mdomo ukagusa maiki nikapigwa shoti. Nifanye nini?
*Mpiga muziki, Lubumbashi*

Ndugu yangu, hayo ni mambo mawili, na la pili ndilo la leo. Usilipige tena gitaa hilo kwenye amplifaya hiyo. Nyuzi zako zimeunganishwa na ardhi ya amplifaya kupitia waya ulio chini ya daraja, kama inavyotakiwa. Maiki imeunganishwa na ardhi ya mashine nyingine. Ukipigwa shoti kati ya hivyo viwili, maana yake moja ya mashine hizo haina ardhi ya kweli, pengine kwa sababu mtu alikata mguu wa tatu wa plagi ili iingie kwenye soketi ya matundu mawili. Gitaa halina kosa, na kulikata waya wa ardhi ili shoti isikufikie, kama wengine wanavyoshauriana, ni kuficha hatari ambayo itampata atakayeishika mashine yenyewe. Tafuta fundi umeme apime soketi, plagi na extension kabla ya onyesho lijalo.

Mngurumo ni jambo dogo. Kwa kuwa unapungua unaposhika nyuzi, waya wa ardhi unafanya kazi, na mwili wako ndio unaonasa mngurumo wa umeme wa nyumba na kuupeleka kwenye waya za ndani ya gitaa. Zifunike kuta zote za chumba cha vidhibiti, pamoja na kifuniko chake, kwa karatasi ya fedha ile ya kufungia nyama choma, ukiibandika kwa gundi na kuhakikisha kila kipande kinagusana na kingine. Risasi ya kulehemu haishiki kwenye karatasi hiyo, kwa hiyo waya wa kuiunganisha na ardhi ubane kwa skrubu ndogo yenye washa. Kama pikapu zako ni za koili moja, mngurumo kidogo utabaki. Pikapu za koili mbili, ambazo Seth Lover wa Gibson aliziombea hataza mwaka 1955, huzungushwa na kuunganishwa kwa kupingana ili mngurumo wa moja uufute wa nyingine, nazo kwa kawaida zinahitaji tundu pana zaidi kifuani. Pima kwanza kama mbao iliyobaki kati ya tundu na daraja itatosha kabla hujashika patasi.